Ripoti ya ami imeandikwa p40, CDX2 na p53, hizi ni nini jamani?

Mwana_Langoni
Assalam alaykum wana jamvi. Ami yangu yuwaumwa, ilianza kabla ya Ramadhani chakula kikawa hakiteremki, kwanza mkate mkavu na wali ndo vilikuwa vyamkwama hapa kifuani, baadae hata uji, na mwili ukaanza kuisha tukiutazama. Tukamvusha Mokowe tukapanda basi hadi Mombasa, akapigwa endoskopi, ile kamera ya kumeza, wakamkata kipande kidogo kwenye umio, yaani njia ya chakula, juzi ripoti ikaja kwa simu. Kansa ipo, hilo tushaambiwa na tushalipokea, daktari atamuona wiki ijayo inshallah. Swali langu si hilo.

Chini kabisa ya ripoti kuna mistari mitatu. p40 pozitivu. CDX2 negativu. Alafu p53 imepaka kwa nguvu kwenye viini karibu vyote. Nimeingia Google naambiwa hizi zote ni protini zinazoongoza jeni, basi ndo nikazidi kupotea. Protini si ile ya samaki na maharagwe? Kuna binamu yangu ameshaanza kumwambia mamangu ami asipewe samaki ati protini zake ziko juu. Na hio p53 kila mahali naona imeandikwa kazi yake ni kuzuia kansa, sasa ikiwa kwake imejaa namna hio mbona kansa imemshika? Na je yarithiwa? Maana watoto wake wote washaingiwa na hofu.

Mwenye kufahamu anieleze kwa Kiswahili cha watu, si cha mtihani.

Kahawa_Tungu
Pole sana ndugu, Mola ampe shifaa. Elimu hio mimi sina ila hilo la samaki mwambie binamu akome, mtu ashakonda alafu anyimwe samaki naye yuko Lamu, hio si adhabu juu ya adhabu. Niko hapa nafuatilia.

Mpiga_Hadubini
Waalaykum salaam, pole na ugonjwa. Mimi mtu wa Malindi, kazi yangu ni maabara, kukata vipande kama hicho cha ami vikawa vyembamba kisha kuvipaka rangi asome mtaalamu. Si daktari, kwa hivo nitakueleza mistari yasema nini, tiba iache kwa daktari.

Samaki mpe. Mpe na mayai na maziwa na chochote kinachoteremka. Protini za chakula zikifika tumboni zinavunjwavunjwa, hazina njia ya kwenda kukaa kwenye ripoti. Hizi tatu zimetengenezwa na seli zenyewe, humo humo ndani.

Sasa sikiza. Kila seli yako ina jeni zile zile, kama 20,000 hivi za kutengenezea protini, seli ya jicho na seli ya utumbo hazina tofauti kwa hilo. Tofauti ni jeni gani zasomwa na gani zimenyamaza. Na wanaoamua zipi zisomwe ni kundi la protini, kwa binadamu zakadiriwa 1,600 hivi, zinaingia kwenye kiini cha seli, zaishika DNA mahali pake maalum, na jeni iliyo karibu inasomwa au inafungwa. Kwa mtu wa jahazi ningekwambia hawa ni maserehangi, wenyewe hawavuti kamba lakini serehangi asipoita hakuna baharia atakayeinuka.

Haya, p40. Umio umefunikwa kwa seli bapa zilizolaliana tabaka juu ya tabaka, jamaa za zile za mdomoni na za ngozi. Protini inayozifanya ziwe hivo ni p63, na p40 ni umbo fupi la hio hio p63. CDX2 ni ya huku chini, yenyewe ndo huifanya seli iwe seli ya utumbo. Kwa hivo ukiona p40 ipo na CDX2 haipo, maana yake mtaalamu aliona kansa hii imetoka kwenye zile seli bapa za umio. Basi. Ni kama kuulizwa jina la baba, hakuna zaidi. Na lina faida, kwa sababu kansa ya umio iko ya aina mbili kubwa, ile nyengine huanzia chini karibu na tumbo, yaenda na kiungulia cha miaka mingi na unene, hio ndo imejaa Ulaya na Marekani. Huku kwetu ukanda huu kutoka Ethiopia ukashuka Kenya hadi Malawi ni hii ya seli bapa. Kule Bomet hospitali ya Tenwek wameandika sana juu yake, wanaipata hadi kwa vijana ambao hawajafika miaka 30. Mpango wa dawa na mionzi kwa aina hizi mbili waweza kutofautiana ndo maana hatukubali kuandika kansa ya umio tu tukanyamaza.

p53 ndo yenye mambo. Swali lako usilione la kijinga, wanasayansi wenyewe liliwapoteza miaka kumi. Waliigundua 1979 na wakaamini ni protini ya kuleta kansa, maana kila wakitazama seli za kansa waikuta imejaa, na wakiiingiza kwenye seli za maabara zaharibika. Kumbe nakala walizokuwa nazo zilikuwa mbovu! Mwaka 1989 ndo ikapinduka, na moja ya ushahidi mkubwa ulitoka kwenye uvimbe wa utumbo mpana, kina Bert Vogelstein kule Marekani, wakaona kwenye uvimbe ule nakala moja ya jeni ya p53 imepotea na iliyobaki imeharibika. Ndo ikajulikana p53 ilio nzima ni ya kuzuia. 1992 mwanasayansi David Lane akaipa cheo cha mlinzi wa jenomu, yaani wa jeni zote za seli kwa pamoja, na jina likaganda.

Sasa kwa nini imejaa. Kwenye seli nzima p53 hutengenezwa na kuvunjwa hapo hapo, haikai, dakika chache tu ishaondolewa. Kuna protini nyengine, MDM2, ndo huikamata na kuipeleka kuvunjwa. Na huyo MDM2 nani anaamuru atengenezwe? p53 mwenyewe! Yaani yuwajipunguza mwenyewe. DNA ikipata jeraha, MDM2 huachia, p53 yapanda, yaamuru protini nyengine, p21, izuie seli isigawanyike mpaka irekebishwe, na kama jeraha halina marekebisho yaamuru seli ife. Sasa kansa nyingi huharibu pale pale ambapo p53 huishikia DNA. Yabaki ipo lakini haishiki kitu. Haishiki kitu, basi haiamuru MDM2, basi hakuna wa kuivunja, basi yarundikana. Mimi nikipaka antibodi yangu, kitu kinachoishika p53 ionekane kwa rangi, naona viini vyote kahawia kolo. Hio ndo "imepaka kwa nguvu". Nyingi lakini mbovu.

Na kuna mara nyengine nakuta viini vyeupe kabisa, hakuna hata doa, hio pia ni mbovu, jeni imekatika haitoi protini. Kitu cha kawaida ni mchanganyiko, hiki kimepaka kidogo hiki hakikupaka.

Karibu nusu ya kansa zote za binadamu zina hitilafu kwenye jeni hii. Kwa kansa ya umio ya seli bapa ni zaidi ya nane kati ya kumi. Kwa hivo mstari huo kwa ami haukuleta habari ngeni.

Mwana_Langoni
Subhanallah. Yaani kwa mara ya kwanza nimeelewa kitu. Daktari aliyesoma ripoti kwa simu alisema "hizo ni za maabara msijali nazo" akakata.

Bi_Mkubwa_Shela
Mwanangu pole, mpe salamu mamako. Mie nasema hivi, haya ya mashine muyafanye lakini msiache habasoda na asali asubuhi kabla hajala, habasoda tumeambiwa ni dawa ya kila kitu ila mauti. Kuna mtu yuwauza mafuta yake kwenye grupu letu la WhatsApp, ameandika kabisa kwamba yaamsha hio p53. Alafu nami nataka kujua hilo la kurithi maana marehemu dadangu alikwenda kwa utumbo.

Mwanafunzi_Kilifi
Nashikamoo bi. Mie nasoma baiolojia hapa Kilifi, nyumbani ni Malindi, hili la utumbo ndo nalipenda mpaka wenzangu wamenichoka kwa hivo niruhusuni.

Kurithi kwanza. Hitilafu nyingi hizi huzaliwa ndani ya seli moja mtu akiwa tayari mtu mzima, kwenye umio wake au utumbo wake. Haziko kwenye mbegu haziko kwenye yai, hazendi kwa watoto. Kuna familia chache sana zinazorithi p53 mbovu, lakini hao huonekana kwa kansa za utotoni na ujanani za kila namna, matiti, mifupa, ubongo, si mzee mmoja na umio.

Ila utumbo mpana una habari yake nyengine. Ngozi ya ndani ya utumbo hubadilishwa yote kila baada ya siku chache, inazaliwa chini kwenye vishimo vidogo yapanda juu yadondoka. Kule chini kwenye vishimo kuna protini beta-katenini, huingia kwenye kiini na kushikana na mwenzake TCF4, wakiwa wawili ndo jeni za kugawanyika zasomwa, mojawapo MYC ambayo nayo ni protini ya kuongoza jeni nyengine chungu nzima. Seli ikipanda juu yatakiwa iache kugawanyika, na anayeizuia beta-katenini isirundikane ni protini inaitwa APC. APC ikiharibika beta-katenini haivunjwi, seli iko juu kabisa lakini yadhani bado iko shimoni, yaendelea kuzaa, ndo vile vinyama vinaota. Kama kansa nane kati ya kumi za utumbo mpana zina APC mbovu. Hili la kushikana na TCF4 lilionyeshwa 1997, Hans Clevers wa Uholanzi na hao hao kina Vogelstein.

Na hapa ndo kuna kurithi kwa kweli, kuna koo zinazorithi APC mbovu, mtu akiwa bado kijana utumbo washaota vinyama mamia hadi maelfu, na akiachwa bila matibabu karibu kila mmoja hupata kansa kufikia miaka 40 hivi. Kwa hivo bi, dada yako alikuwa na umri gani? Na kuna wengine kwenu? Akiwa mtu mzima sana na ni yeye peke yake, hofu yapungua. Wakiwa wawili watatu na vijana, hapo mwambie daktari na watoto wao wapigwe kolonoskopi, kamera ya utumbo mpana, mapema.

Nyengine ya bure: ndovu ana jozi kama 20 za jeni ya p53, sisi jozi moja tu, na ndovu na ukubwa wote ule hapati kansa sana. Hawa hawa wa Tsavo tunaopishana nao kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi.

Bi_Mkubwa_Shela
Alikuwa ameshapita sabini, mwanangu. Na ni yeye tu. Alhamdulillahi umenitoa pumzi.

Kahawa_Tungu
Mbona habasoda mmeiruka 😂 jibuni

Nasi_wa_Malindi
Nitajibu mimi. Bi, kwanza heshima yako. Habasoda ina kitu chaitwa thaimokwinoni na ni kweli kimejaribiwa kwenye seli za kansa kwenye sahani za maabara, na zilikufa. Lakini kwenye sahani hata sabuni yaua. Kwa mgonjwa mwenye kansa ya umio hakuna aliyeonyesha kwamba yamponya. Kula kidogo kwenye chakula hakuna atakayekukataza, lakini mafuta kwa vijiko wakati yuwapigwa kemo, hapana, mpaka daktari ajue, maana dawa zapita ini moja na huenda zikaharibiana. Na huyo wa WhatsApp anayeandika p53 kwenye chupa, mie namwogopa kuliko ugonjwa. Amejua jina tu. Watu wameuza shamba kununua vitu kama hivo alafu waja kwetu maji yakishafika shingoni.

Mwana_Langoni
Basi na mie nina la pili. Kama washajua mbovu ni p53, mbona hawatengenezi dawa ya kuirekebisha hio moja? Na jengine, nini kilichoiharibu? Ami havuti sigara, mlevi si mlevi. Tambuu ndo hatoki nayo, popoo, chokaa na tumbaku, tangu yu baharini. Na kahawa, hio yake lazima itoke kwenye mdila yachemka.

Mpiga_Hadubini
Umejijibu nusu, ingawa kwa mtu mmoja huwezi kunyoosha kidole ukasema ni hiki.

Tambuu: shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa limeiweka kundi la kwanza, yaani ushahidi umekamilika kwamba yaleta kansa, ya mdomo na ya umio, iwe na tumbaku iwe haina. Popoo peke yake tosha. Watu wa huku wakiambiwa hilo hukasirika, wadhani tumbaku ndo mbaya na popoo ni ya harusi tu.

Kahawa: 2016 shirika hilo hilo likakaa likasema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kuiita ya kansa, ila kinywaji chochote cha moto uliopita digrii 65 huenda chaleta kansa ya umio. Iwe chai iwe kahawa iwe maji matupu. Kwa hivo si kahawa, ni moto. Acha ipoe. Umio ukiunguzwa kila siku seli zake hazina mapumziko, kila siku zagawanyika kuziba kidonda, na kila kugawanyika ni nafasi ya kukosea. Uvimbe wa kuungua nao waamsha protini nyengine za hawa hawa waongoza jeni, NF-kB na STAT3, zinazoamuru seli ziishi na zizae. Kwa kidonda cha siku mbili ni jambo jema. Kwa miaka thelathini si jema.

Tumboni ni hivo hivo na yule bakteria wa vidonda vya tumbo, *Helicobacter pylori*. Barry Marshall wa Australia aliwahi kumnywa mwenyewe 1984 kwa sababu hawakumwamini, tumbo likamuwaka, na 2005 yeye na Robin Warren wakapata Nobel. Akikaa miaka mingi bila dawa, ngozi ya tumbo yaanza kugeuka iwe na sura ya utumbo, na ukipaka hapo utaikuta CDX2 tumboni, mahali ambapo si pake. Panya wa maabara waliowashiwa CDX2 tumboni waligeuka vivyo hivyo bila bakteria yeyote. Si kansa bado lakini ni njia yake, ndo maana mtu mwenye vidonda asizoee kumeza dawa ya asidi ya dukani miaka na miaka bila kupimwa huyo mdudu.

Chanzo chengine huacha alama kabisa. Sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, kwenye kansa ya ini huharibu p53 hasa mahali pamoja, nafasi ya 249, ukiiona hapo waweza kukisia mgonjwa alikula nini. Nayo kwetu si hadithi, 2004 Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye ukungu, ingawa hao iliwaua moja kwa moja haikungoja kansa.

Dawa sasa. Dawa nyingi ni vitu vidogo vinavyohitaji kishimo kwenye protini pa kujikita. Hawa waongoza jeni wengi wao hawana kishimo, ni uso tu unaolalia DNA, na wako ndani ya kiini, si nje ya seli. MYC imewahangaisha miaka yote hii kwa sababu hio. Wako wachache wenye kishimo kwa vile kazi yao ni kupokea homoni, kipokezi cha estrojeni ni mmoja wao, na hapo ndo tamoksifeni ikaingia ikaokoa wanawake wengi wa kansa ya matiti. p53 ni ngumu mara mbili, maana hapa hutafuti kuzima kitu, wataka kufufua kilichoharibika, na hakiharibiki kwa njia moja, kila mgonjwa na yake. China waliidhinisha 2003 dawa ya Gendicine, kirusi kilichobebeshwa p53 nzima chadungwa kwenye uvimbe wa kichwa na shingo. Marekani hawajaikubali. Kuna dawa nyengine ziko majaribioni za kunyoosha aina moja moja ya p53 mbovu. Kwa ami leo hakuna ya kumpa kwa sababu ya mstari ule, na mtu akikwambia anayo muulize amekuwa nani.

Mwana_Langoni
Haya nimeelewa. Tambuu itakuwa vita nyumbani.

Nasi_wa_Malindi
Msimpige vita mtu mgonjwa, mwambieni daktari mbele yake, wazee wa huku humsikiza mtu wa koti jeupe kuliko mtoto wao.

Mambo ya kufanya kabla ya wiki ijayo. Mpimeni uzito sasa muandike, na muulize juu ya chakula mapema, kama hata uji unarudi kuna mpira mdogo wa waya wanauweka kwenye umio uwazi upatikane, wala si lazima mngoje afikie kushindwa na maji. Supu ya samaki ilopondwa na tui, maziwa yenye mafuta, mayai, mara nyingi kidogo kidogo. Akimaliza kula akae wima. Alafu ripoti msipeleke picha ya simu, chukueni karatasi yenyewe na muombe maabara iwape bloku na slaidi.

Mwana_Langoni
Bloku ndo nini? Sisi tuliambiwa tungoje simu tu.

Mpiga_Hadubini
Kile kipande cha ami kimegandishwa ndani ya nta, kijitofali kidogo cha kushika kwa vidole viwili. Maabara hukihifadhi. Daktari mwengine akitaka kipimo kingine wakata hapo hapo, ami hahitaji kumezeshwa kamera tena. Nenda na kitambulisho chake na namba ya maabara, useme wataka kuazima bloku kwa rufaa, watakuandikia kwenye kitabu.

Mwana_Langoni
Namba ni ile ilo juu ya jina lake, yenye herufi kisha mwaka?

Mpiga_Hadubini
Hio hio. Na nta usiiache kwenye dashibodi ya basi, yayeyuka.